Chuo Kikuu ni Jirani: Morogoro Inadai Nini na Inadaiwa Nini?

Kila unapokaribia mwezi wa Oktoba, mkazi wa Morogoro huyasikia maneno yaleyale, iwe ni barazani, sokoni au baada ya sala: "Wanafunzi wanakuja." Mwenye nyumba hupaka rangi chumba cha uani, mwenye duka huongeza madaftari na sabuni, na mama lishe hukopa gunia la pili la mchele. Hapana ubaya katika hayo, kwani riziki hutafutwa. Lakini kwa muda mrefu mji wetu umekuwa ukikitazama chuo kikuu kwa jicho moja tu, jicho la mpangishaji. Naona kwamba kwa kufanya hivyo tumepokea sehemu ndogo ya haki yetu na kuiacha iliyo kubwa, na papo hapo tumesahau yale ambayo sisi nasi tunadaiwa.

Yapasa kwanza tukumbuke mji huu ulikuwa nini. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Serikali iliichagua Morogoro iwe mji wa viwanda. Vilijengwa viwanda vya nguo, vya turubai, vya ngozi na vya viatu. Kile cha viatu, kilichojengwa kwa fedha za Benki ya Dunia, kilikusudiwa kuuza bidhaa zake hata Ulaya. Hakikupata kufikia walau sehemu moja ya kumi ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Vingine vilibinafsishwa, na vipo vilivyobaki kuta na mabati. Vijana waliokuja mjini kwa ajili ya mashine wakazeeka wakifanya vibarua, na watoto wao wakakua wakisimuliwa kwamba hapa palikuwa na king'ora cha zamu.

Wakati viwanda vikififia, elimu ilikuwa ikipanuka. Chuo cha kilimo kilichoanza chini ya milima ya Uluguru mwaka 1965 kilikuja kuwa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tarehe 1 Julai 1984 kikasimama chenyewe kwa jina la Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, yaani SUA. Marehemu Edward Moringe Sokoine alikuwa amefariki tarehe 12 Aprili mwaka uleule kwa ajali ya gari huku huku mkoani kwetu, Dakawa, hivi kwamba mkoa uliompoteza ndio uliopewa kulitunza jina lake. Kwenye barabara ya Iringa, Mzumbe ilianza mwaka 1953 kama shule ya watumishi wa serikali za mitaa, ikawa chuo cha uongozi mwaka 1972 na chuo kikuu mwaka 2001. Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kikapokea wanafunzi wake wa kwanza katika majengo yaliyokuwa ya chuo cha TANESCO, ambayo Serikali ya Rais Mkapa iliwakabidhi Waislamu. Na kipo pia Chuo Kikuu cha Jordan cha ndugu zetu Wakatoliki. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilikuta katika Manispaa watu zaidi ya 315,000. Ile ya mwaka 2022 ikakuta zaidi ya 470,000. Siwezi kudai kwamba ongezeko lote hilo lina asili yake vyuoni. Lakini mwenye kutaka kujua kwa nini mashamba ya pembezoni yamegeuka viwanja na viwanja vimegeuka nyumba za vyumba kumi kumi, asipoanzia vyuoni hatafika mbali.

Fedha yenyewe huingiaje? Wengi wanadhani chuo hulisha mji kwa mishahara ya wahadhiri. Mishahara imo, lakini ipo fedha nyingine inayowafikia watu wadogo moja kwa moja, nayo ni fedha ya kujikimu inayotolewa na Bodi ya Mikopo, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Wanafunzi wenyewe huiita "bumu". Kiwango chake cha chakula na malazi kilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku kwa anayepata kiwango kamili. Basi piga hesabu nyepesi: wanafunzi 1,000 tu wa namna hiyo ni shilingi 10,000,000 kwa siku, na Morogoro haina wanafunzi 1,000, ina maelfu kadhaa. Fedha hiyo haipiti kwa meneja wala kwa wakala. Hutoka mkononi mwa kijana na kuingia mkononi mwa muuza maandazi, mwenye bodaboda, fundi cherehani, mwenye steshenari, na mwenye chumba.

Uzito wa jambo hili tuliuona mwaka 2020. Vyuo vilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya ugonjwa wa Uviko-19, vikafunguliwa tarehe 1 Juni. Ilikuwa ni miezi miwili na nusu tu, na wala maduka mjini hayakuamriwa kufungwa. Hata hivyo mitaa iliyo karibu na vyuo ilipoa, na mtu aliyejenga vyumba kwa mkopo akafahamu kwamba aliyekuwa akimlipia mkopo ule ni mwanafunzi ambaye jina lake hakulijua. Nilitaraji kwamba baada ya pale tungekaa na kuzungumza juu ya namna ya kuishi na vyuo hivi. Badala yake, vyuo vilipofunguliwa, sehemu nyingine kodi ilipandishwa kufidia miezi iliyopotea.

Hapa ndipo penye aibu yetu, na afadhali tuitaje. Msichana wa miaka 19 anatoka Kigoma au Pemba, amekosa nafasi ya bweni kwa kuwa mabweni hayatoshi, anafika mtaani na kuambiwa alipe kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka mzima, kabla ya kushika ufunguo. Fedha ya mkopo haijatoka. Anakopa kwa masharti asiyoyaelewa, au anachangia chumba na watu asiowajua, au anapata "mfadhili". Chumba chenyewe mlango wake ni wa bati, choo kiko nje, na taa ya njiani hakuna. Kisha yakimfika yanayomfika, sisi wazee wa mtaa tunasema watoto wa siku hizi wameharibika. Ni nani aliyemuweka mahali pa kuharibikia? Mwenye kutaka kuhubiri juu ya maadili ya wanafunzi na aanze na mkataba wa pango wa nyumba yake mwenyewe.

Wala tusidhani kwamba tunabuni jambo jipya tukisema mji unapaswa kuwapa wanafunzi makazi ya heshima. Mji wa Fez huko Morocco ulikua pamoja na msikiti wa al-Qarawiyyin, ambao kwa mapokeo uliasisiwa na bibi Fatima al-Fihri mwaka 859. Kuuzunguka msikiti ule, watawala wa ukoo wa Marini walijenga madrasa katika karne ya 14, mojawapo ikiwa ile ya al-Attarin iliyokamilika mwaka 1325 na kuitwa kwa jina la soko la wauza manukato lililo mlangoni pake. Madrasa zile zilikuwa na vyumba vya kulala wanafunzi wageni. Na gharama ilitoka wapi? Ilitoka katika wakfu: maduka, mahamamu, mashine za kusagia na mashamba ambayo pato lake lilifungwa kwa ajili ya elimu. Al-Azhar ya Cairo nayo ilikuwa na mabweni yaliyoitwa riwaki, kila moja likiwa la watu wa nchi fulani, na wanafunzi wa Pembe ya Afrika walikuwa na la kwao. Katika miji hiyo duka lilimlisha mwanafunzi. Kwetu mwanafunzi ndiye anayelilisha duka, na mwenye duka bado analalamika kwamba wanafunzi ni wakorofi.

Haya ni ya upande wetu. Sasa tuutazame upande wa chuo, na hapa sitataka kusema kwamba vyuo havikufanya kitu, maana huo utakuwa ni uwongo.

Watu wengi wamekula maharage yanayoitwa SUA 90 bila kujua kwamba mbegu hiyo, iliyotolewa mwaka 1990, ilitafitiwa na watu wa chuo kilicho chini ya mlima wetu. Baada yake ikaja Rojo mwaka 1997, kisha Mshindi na Pesa. Mbegu ni mchango wa ajabu, kwa sababu mkulima akishaipata humpa jirani yake, na jirani humpa mkwewe, na mwishowe hapana anayekumbuka ilitoka wapi. Chuo pia kina hospitali ya wanyama ambako mfugaji wa mjini hupeleka ng'ombe wake. Na tangu mwaka 2000 shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku katika viwanja vya SUA kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na tangu mwaka 2007 kunusa makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu ili kumgundua mgonjwa ambaye darubini ya kliniki imempita. Mmoja wa panya hao, Magawa, alifanya kazi Kambodia miaka mitano, akagundua mabomu na silaha zaidi ya 100, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu huko Uingereza kabla ya kufa Januari 2022. Panya anayekula mahindi yetu ghalani amekuwa tabibu na mteguzi wa mabomu kwa sababu kuna vijana waliokaa naye miezi mingi kwa subira, na miongoni mwa hao walimu wa panya ni watu wa mitaa yetu waliopata ajira ambayo mji mwingine hauna.

Au tazama Mazimbu. Mwaka 1977 Serikali iliwapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini lililokuwa shamba la mkonge. Wakajenga hapo shule iliyofunguliwa mwaka 1978 na kuchukua jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Wakaongeza shamba, karakana na hospitali. Walipopata njia ya kurejea kwao, mwaka 1992 wakatukabidhi kila kitu, na pakawa kampasi ya SUA. Leo hapo wanasomeshwa walimu wa sayansi na hisabati, na hospitali imeendelea kuhudumia wakazi. Makaburi ya waliofia ugenini yangali hapo. Wageni walikaa kwetu kwa miaka kumi na minne na walipoondoka wakatuachia shule na hospitali. Kipimo hicho ni kizito kwa kila taasisi iliyokaa hapa muda mrefu kuliko wao.

Ama kuhusu elimu kuwafikia wenyeji, historia ya Uluguru inatupa onyo. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliona, na iliona sawasawa, kwamba udongo wa milima unamomonyoka. Wataalamu wakaamuru Waluguru wachimbe matuta ya ngazi. Hawakuuliza nani ana haki gani katika shamba lipi, wala kama udongo ule mwembamba utavumilia kuchimbuliwa, wala mwanamke atapata wapi nguvu ya kazi ile juu ya kazi zake. Mwaka 1955 watu wakaasi, damu ikamwagika, na mpango ukaachwa. Elimu iliyokuja kwa amri ilifanya tuta lichukiwe milimani kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1990 watu wa SUA walianza mradi uliojulikana kama UMADEP, wakapanda mlima kwa mtindo mwingine: kukaa na vikundi vya wakulima, kuwasikiliza, kuanza na yale ambayo wakulima wenyewe waliyataka, ikiwemo kuweka na kukopa. Mlima ni uleule na udongo ni uleule. Kilichobadilika ni adabu ya mwenye elimu.

Nasema adabu kwa makusudi, kwa kuwa hapa ndipo ninapovilaumu vyuo vyetu. Maji ya mji huu, sehemu yake kubwa, hutoka katika bwawa la Mindu, na Mindu hulishwa na mto Ngerengere na vijito vya Uluguru. Kwa miongo mingi wanafunzi wamepanda milima hiyo wakiwa na madodoso, wakawauliza wakulima maswali, wakapima matope, wakahesabu miti, wakaandika tasnifu, wakapata shahada. Tasnifu hizo zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa sababu ndiyo lugha ya elimu ya juu nchini. Mkulima aliyejibu maswali yale kwa Kiluguru au Kiswahili, akaacha jembe lake kwa saa mbili kwa ajili ya mgeni, hakurudishiwa hata ukurasa mmoja. Mwaka unaofuata anakuja mwanafunzi mwingine na maswali yaleyale. Je, ni ajabu akichoka kujibu? Na je, ni ajabu mwenyekiti wa mtaa akiamua mambo ya mifereji na mabonde kwa kubahatisha, ilhali majibu yamo maktabani umbali wa kutembea kwa miguu?

Watasema kwamba utafiti ni mgumu na hauwezi kuelezwa kwa lugha nyepesi. Sikubali. Mtu asiyeweza kumweleza mwenye shamba kile alichokiona katika shamba lake, kwa kurasa mbili za Kiswahili safi, nina shaka kama yeye mwenyewe amekielewa. Kila tasnifu inayohusu mkoa huu ingewekewa sharti la kurasa hizo mbili, na nakala ipelekwe ofisi ya kata kabla mwanafunzi hajavikwa joho, tungeona tofauti ndani ya miaka mitatu. Gharama yake haifikii ya chakula cha semina moja hotelini.

Lipo pia suala la fedha inayoingia mlangoni na kutokea dirishani. Mwaka 2021 ulianza mradi wa taifa wa elimu ya juu kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, na SUA na Mzumbe zimo. Majengo yanapanda, na ni neema. Lakini jengo likipanda na fundi wa hapa akabaki kubeba zege tu, faida yake kwa mji huisha siku ya mwisho ya ujira. Na tangu Juni 2024 treni ya umeme inafika Dar es Salaam kwa muda usiozidi saa mbili au karibu yake. Nafurahia treni kama kila mtu. Ila itakuwa msiba mdogo ikiwa wahadhiri wetu watageuka wasafiri, wafundishe hapa na kuishi kule, watoto wao wasisome katika shule zetu wala wao wasisali katika misikiti yetu. Mhadhiri anayekaa mtaani ni mchango ambao hauonekani katika hesabu yoyote: ndiye anayeulizwa na kijana wa jirani achague masomo gani, ndiye anayesoma barua ya mahakama kwa niaba ya bibi kizee, ndiye anayekaa katika kamati ya shule na kuuliza fedha ya madawati imekwenda wapi.

Sasa, ndugu zangu wa misikitini, yapo mambo ambayo hayahitaji kibali cha makamu mkuu wa chuo wala cha waziri. Misikiti mingi ya mji huu ina viwanja na fremu za maduka zinazopangishwa kwa bei ya kutupa, na pato lake huishia kwenye rangi na mazulia. Fremu mbili zikiwekwa wakfu, pato lake litatosha kulipia vyumba kadhaa vya wanafunzi wasio na uwezo kila mwaka. Kamati ya msikiti inaweza kuandikisha nyumba za waumini zenye mlango imara, maji na taa, ambazo wenyewe wamekubali kupokea kodi ya mwezi mmoja mmoja mpaka fedha ya Bodi itoke. Mama wa nyumba hiyo awe ndiye mlezi wa binti, si mkusanya kodi peke yake. Mwanafunzi naye hatakuwa wa kupokea tu. Msikiti unaompatia kijana wa hisabati chumba una haki ya kumwambia: Jumamosi na Jumapili kuna watoto wa kidato cha pili wanakungoja. Anayesoma kilimo aitwe azungumze na wenye bustani za mboga za bondeni juu ya dawa wanazopulizia mchicha, maana mchicha huo tunaula sote. Anayesoma sheria aeleze mirathi na hati za viwanja, kwa sababu nusu ya ugomvi unaoletwa kwa maimamu ni wa viwanja.

Na tusingoje chuo kituletee barua. Katika maisha ya mji huu nimeona wajumbe wengi wakienda chuoni kuomba mchango wa harusi na wa mwenge; sijaona ujumbe wa mtaa ukienda kuomba udongo wa bonde lao upimwe. Mlinzi wa getini hatamfukuza mwenyekiti aliyekuja na swali. Akimfukuza, hilo nalo tulijue, tuliandike, na tulipeleke kwa mbunge.

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hufika mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba. Orodha ya nyumba ikianza kuandikwa Ijumaa hii, kamati itakuwa na muda wa kwenda kuzikagua moja moja, kujaribu vitasa vya milango, na kumuuliza mwenye nyumba kwa upole kama yuko tayari kupunguza kodi ya chumba ambacho choo chake kiko nje.